Mara ya Ishirini

Tarehe 6 Februari

Baba,

Shikamoo. Najua simu huisikii tena tangu mashine ya randa iharibu masikio yako, kwa hiyo nakuandikia, na barua hii anayo dereva wa lori la mbao pamoja na kasha. Tafadhali usilifungue kwa patasi. Lina vitu vyangu.

Ndani utazikuta zile mbao ulizonirandia mwaka jana, ila hutazitambua. Hapa maabara tumezichemsha kwenye dawa mpaka ile gundi iliyo ndani ya mti ikatoka, zikabaki laini, zenye vitundu vya kupitisha maji. Kisha tukazitia dawa nyingine inayoshika madini ya risasi. Maji machafu ya ile karakana ya betri anakofanya kazi mdogo wangu, atakayokuletea yeye, yataingia upande mmoja wa pipa yakiwa na risasi na kutoka upande wa pili yakiwa hayana. Risasi itabaki kwenye mti.

Uzuri wake ni kwamba mti ukishajaa hautupwi. Kila Jumamosi vitoe vile vipande kumi na viwili kwenye pipa, uviloweke kwenye ndoo ya dawa ya tatu niliyoitia kashani, kali kama siki, risasi itaachia, uvisuuze, uvirudishe kazini. Siki iliyotumika iingie kwenye dumu lake na dumu lifungwe. Usimwage hata tone. Kila ukiosha, andika ni mara ya ngapi, kisha unijazie chupa moja ya maji yaliyochujwa umpe dereva.

Tunataka kujua vitastahimili kuoshwa mara ngapi. Vikifika ishirini, tutajenga chujio kubwa pale karakana, na bwana afya ameahidi kuzifungua zile bustani za kando ya mfereji wa maji hayo alizozifunga kwa sababu ya risasi, ikiwemo ya marehemu mama. Nimekuongezea vipande kumi na viwili vya akiba, panya wakivitamani.

Binti yako


Tarehe 24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kasha limefika, na nimelifungua kwa patasi.

Nilipovishika hivyo vipande vyako nilisikitika. Mti nimeuchagua mwenyewe, nimeukausha miezi minne, nimeuranda mpaka ukateleza, halafu wewe umeuchemsha umekuwa kitu cha kubonyea. Miaka arobaini nimeamini kwamba mbao ikilowa imekwisha, leo mwanangu ananiambia mbao ikilowa ndiyo kwanza inaanza kazi. Haya, elimu haina mwisho, na mimi nimeshakula chumvi nyingi, sibishani.

Nimeosha mara tatu. Nimeandika kwa penseli yangu ya kazi, usilalamikie mwandiko.

Kasuku ndiye msimamizi wangu. Mdogo wako amezaa mtoto asiyejua kunyamaza, mimi nimempa jina tu. Miaka minne, lakini maswali yake yangemtoa jasho hakimu. Simruhusu kukaribia pipa, kwa hiyo anauliza akiwa mlangoni, tena kwa kelele ili nisikie: "Babu, mti unakunywa? Ukinywa unakojoa wapi?" Nikamwambia unakojoa kwenye dumu la shangazi yako. Sasa kila mgeni anaambiwa kwamba kazi ya shangazi huko mjini ni kukusanya mikojo ya miti. Utakuja kujitetea mwenyewe.

Baba yako, fundi


Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Mara ya saba imepita, chupa anayo dereva. Kulikuwa na kipande kimoja viwili vyenye ufa, lakini mambo hayo nimeshayamaliza. Wewe unajua mteja wangu hakabidhiwi kazi yenye ufa. Nitumie akiba nyingine, kasha zima ikiwezekana. Ishirini ni nyingi na panya wa huku hawana adabu.

Wanawake wa bustani wananiuliza kila nikipita. Nimewaambia wanoe majembe.

Baba


Tarehe 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimekutumia vipande ishirini na vinne. Mkuu wangu wa maabara ameuliza za nini zote hizo, nikamwambia baba yangu ni seremala, akiona mbao lazima aitamani. Usije ukamjengea Kasuku nyumba ya mwanasesere kwa mbao za maabara.

Maji ya chupa ya saba ni safi kabisa! Mkuu amepita meza kwa meza akiionyesha karatasi ya vipimo. Hapa wenzangu wameshajaribu magamba, maganda na vumbi la mbao, na kila kitu kilikufa mara ya nne au ya tano. Kazi yetu sisi wawili imefika saba na bado inadai. Sijui niseme nini, ila jana nilirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu furaha haikutaka kukaa kwenye kiti.

Binti yako


Tarehe 23 Juni

Mwanangu,

Ishirini. Chupa hiyo, na vipande vyako kumi na viwili hivyo, vizima. Mama yako angekuwepo angepiga kigelegele mpaka hata mimi nikasikia.

Baba yako


Tarehe 30 Julai

Baba,

Shikamoo sana. Ripoti imesomwa na imekubaliwa. Chujio la vipande mia tatu litaanza kazi mwanzoni mwa Septemba, na mdogo wangu ndiye atakayekuwa akiosha kila Jumamosi, maana ameshaona unavyofanya. Vipande vitabadilishwa baada ya mara ishirini. Maji yatapimwa kila baada ya miezi sita tu, kwa kuwa mbao zimekwisha kuthibitishwa. Bwana afya ametia saini: bustani zinafunguliwa.

Kimoja cha vile vipande nimekiweka juu ya meza yangu ya kazi. Watu wakiniuliza, nawaambia mti huo umerandwa na baba yangu.

Binti yako


Tarehe 12 Oktoba

Mwanangu,

Bustani zimefunguliwa. Siku ile palijaa watu mpaka juu ya ukuta wa karakana. Bwana afya alininyanyua mkono mbele za watu akasema chujio hili ni la fundi na bintiye. Mkwe wangu, mama yake Kasuku, amepanda mboga kwenye shamba la mama yako, na zimeshaanza kuchipua. Kasuku anamwagilia na kikopo, anajimwagilia mwenyewe zaidi.

Nauliza tu: hivyo vipande haviwezi kubadilishwa mapema kidogo? Mara ya tano, hivi? Mti ni mti, na wakati mwingine tahadhari si mbaya. Nauliza tu.

Baba


Tarehe 20 Oktoba

Baba,

Mara ya tano! Unataka kuniaibisha mbele ya mkuu wangu? Kama ni tano, chujio lisingejengwa. Hatuna uwezo wa kutengeneza vipande vingi kiasi hicho, na bwana afya asingefungua hata shamba moja. Ishirini ndiyo iliyotupa ruhusa. Wewe ndiye uliyehesabu, sasa unaogopa hesabu yako mwenyewe?

Kula mboga, Baba. Pumzika.

Binti yako


Tarehe 14 Januari

Mwanangu,

Hatujambo. Mvua imenyesha vizuri. Kasuku tumbo linamsumbua kidogo na amepungua, mama yake anasema ni minyoo, amempa dawa. Anashinda amelala. Usiwe na wasiwasi, ni minyoo tu.

Baba


Tarehe 3 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi si mtu wa barua, lakini simu naanza kuongea nashindwa, kwa hiyo naandika.

Mtoto alishikwa na degedege Jumanne. Tuko hospitali. Wamempima damu wamekuta risasi, nyingi mno. Wamepima na watoto wengine wa mtaa, kumi na mmoja wanayo, ila wa kwangu ndiye kazidi. Anapigwa sindano za kuitoa. Amezinduka lakini haongei. Kasuku, Dada, haongei.

Ni mimi. Narudi na nguo za karakana, namrukia, namkumbatia kabla sijaoga. Vumbi lote lile nimemletea mwenyewe mikononi. Sasa simsogelei.

Halafu kuna jambo jingine sijui kama lina maana. Vile vipande vya chujio tangu mara ya saba vilianza kumeguka. Nikadhani naosha vibaya, nikavibana kwa wavu nikaendelea. Nilimwuliza Baba, akasema nivibadilishe. Nikamwambia vya kubadilisha sina na Dada amesema ishirini. Akanyamaza. Sasa ni mara ya ishirini na moja, na kilichobaki ndani ni uji.

Wewe ulisema ishirini. Au nilisikia vibaya?

Mdogo wako


Tarehe 11 Februari

Baba,

Nimekipima kile kipande kilicho juu ya meza yangu. Kila kikioshwa, mti huu hupungua uzito kidogo. Kipande hiki kina uzito wa kipande kilichooshwa mara mbili. Mbili, Baba, si ishirini.

Mwezi wa sita sikukipima. Nilikitazama tu, nikafurahi.

Vile vipande thelathini na sita vya akiba viko wapi? Nakuomba uniambie wewe, kabla sijaandika lolote kwa mtu yeyote.

Binti yako


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ndiyo. Nilivibadilisha.

Kilianza kimoja, mara ya tano. Nilikitoa kwenye siki, nusu ikabaki mkononi na nusu ikazama. Nikajisemea, hapa nilikata karibu na fundo la mti, kosa ni langu mimi seremala, si la mwanangu. Unanijua tangu ulipokuwa ukikaa juu ya vumbi la mbao unachezea maranda. Hakuna mteja aliyewahi kutoka kwangu na kiti chenye ufa. Ubao ukipasuka nachukua mwingine, nafanya upya, wala simwambii. Ajuaye ni mimi na benchi langu. Ndivyo alivyonifundisha aliyenifundisha, na jina langu limesimama hapo. Nikatia kimoja cha akiba. Jumamosi iliyofuata vikavunjika saba. Mara ya saba vyote vilikuwa vipya, na mimi nikaandika saba, kwa sababu kweli nilikuwa nimeosha mara saba. Vilipochoka hivyo nikatia vingine, na vingine tena.

Nilidhani kazi yangu ni kukukabidhi kitu kizima. Sikujua kwamba ule ufa ndio uliokuwa ukiutafuta.

Ningeweza kuishia hapo, nawe labda ungenihurumia. Lakini umeniomba niseme. Mwezi wa kumi nilijua. Siku ya kufungua bustani bwana afya alitangaza kwa sauti kubwa kwamba mbao hizi huoshwa mara ishirini bila kuchoka, ndiyo maana maji ni salama. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Watu wanashangilia, mkono wangu uko juu, nimevikwa kilemba cha ukoka na nimekikubali. Nikasema moyoni, nitamwandikia taratibu, nisimwaibishe. Nikakuandikia lile swali la mara ya tano. Uliponicheka nilishika penseli nijibu, nikaandika mistari mitatu, nikaichana. Mdogo wako aliponijia na habari za vipande kumeguka, nilinyamaza tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeyaficha, anayeumbuka ni mtoto.

Na hili ulijue. Mboga za mwanzo nilizichuma mimi. Mama yake alisema tungoje zikue. Nikasema changa ndiyo tamu, nikamlisha Kasuku kwa mkono wangu, na niliendelea kumlisha, kwa sababu kukataa kungekuwa kusema.

Vile vilivyovunjika sikuvitupa, seremala hatupi mti. Nimevifungia kasha, dereva anakuletea. Kila kimoja nimekifunga kwenye karatasi na kuandika kiliishia mara ya ngapi. Nne, tano, sita, sita, tano. Saba ni kimoja tu.

Baba yako


Tarehe 5 Machi

Baba,

Kasha limefika. Nimevipanga mezani, thelathini na sita. Hivi ndivyo nilivyokuwa navitaka. Hizi namba zako za penseli ndiyo ripoti. Ungenitumia mwezi wa tatu, ningenuna siku mbili, kisha ningerudi kuuchemsha mti kwa dawa nyingine. Bustani zingebaki zimefungwa mwaka mmoja zaidi, na Kasuku angekuwa anaendelea kunitangaza kwa wageni.

Nina hasira na wewe. Naiandika wazi ili usihangaike kuitafuta. Kuna asubuhi naamka nikiwa nimeisahau, halafu inarudi kabla sijavaa viatu.

Na nina hasira na nafsi yangu. Maji ya mara ya kumi na nane yalikuwa safi sawasawa na ya mara ya pili. Mtu yeyote wa kazi yangu angeshtuka. Mimi nilicheka kwa furaha. Nilikutumia akiba ishirini na nne, na badala ya kuuliza zinakwenda wapi, nikakutania. Nilitaka sana iwe kweli, tena nilitaka iwe kweli kwa mikono yako.

Mkuu wangu alinishauri tuandike kwamba mizani ilikuwa na hitilafu, ili kosa lionekane la chombo, si la mtu. Nimekataa. Nimeandika yaliyotokea, yako na yangu. Chujio limezimwa, mboga zote zimeng'olewa, watoto wote kumi na wawili wanatibiwa. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka watakaponiita, na sidhani kama wataniita.

Lakini sikuandikii kwa ajili hiyo. Mdogo wangu bado anaamini ni vumbi la nguo zake. Wifi ameniambia anaoga mara tatu kila akitoka kazini, anajisugua kwa brashi mpaka ngozi inatoka, na bado hajambeba mwanawe tangu siku ile ya hospitali. Anasimama mlangoni anamwangalia. Baba, mimi sitamwambia, na wifi hajui. Si kwamba nakuadhibu. Nikimwambia mimi, utabaki umenyamaza mara ya tatu.

Na kuanzia leo habari za Kasuku niandikie kama zilivyo. Usinirekebishie kitu.

Binti yako


Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Nimemwambia. Ilikuwa Jumapili mchana, tumemaliza kula, mkwe anakusanya sahani. Maneno niliyoyapanga wiki nzima yalinipotea yote. Nikasema, "Si vumbi lako. Ni mimi. Nilibadilisha vile vipande nikamdanganya dada yako, na nilijua kabla hatujala zile mboga." Kwa huu uziwi wangu nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Nadhani na majirani walisikia, na basi.

Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaiangalia tena. Kisha aliinuka, akanipita, akaingia chumbani akamtoa mtoto kitandani, akambeba akatoka naye uani. Alizunguka naye huko mpaka kivuli cha ukuta kikafika mlangoni. Mimi nilikuwa namwona mgongo tu. Tangu siku hiyo hajanisalimia. Mkwe ananiwekea chakula, anaweka anaondoka. Sidai zaidi ya hapo.

Habari za Kasuku kama zilivyo. Degedege halijarudi. Risasi imepungua kwenye damu lakini haijafika panapotakiwa, sindano zimebaki mbili. Anakula vijiko vitatu vinne. Maneno mengine yamerudi, mengine bado. Kikombe anakiita "ile", mlango anauita "ile", na akikosa neno hakasiriki, anaacha tu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimwuliza daktari kama atarudi kuwa alivyokuwa. Niliogopa kusikia vibaya, nikamwomba aandike kwenye karatasi. Ameandika, "Si yote." Karatasi yenyewe nimekuwekea ndani ya bahasha, usije ukadhani nimepunguza.

Leo asubuhi alikuja kwenye benchi ameshika kiatu kimoja. Akaniwekea mdomo sikioni, akanionyesha mkono wenye alama za sindano. Akauliza, "Babu, nani kaniumiza?" Kumbe watu wote wamekuwa wakimwambia ni mdudu wa tumboni. Na mimi neno mdudu lilishafika kwenye ulimi, Mungu anisamehe, lilikuwa pale. Nikamwambia, "Ni mimi, mjukuu wangu. Babu alikupa mboga mbaya, na alikuwa anajua."

Alinitazama sana. Akasema, "Haya," akanipa kiatu nimfunge kamba.

Baba yako